Sura ya Kumi na Moja: Daftari la Makosa

"Shikamoo, Mama Katibu," Inspekta alisema mlangoni.

Shikamoo ikabaki hewani. Mama Katibu alikuwa anafuta vumbi kwenye picha za marehemu wa chama, moja baada ya nyingine, na hakugeuka.

"Polisi hawakai kwenye viti vya ukumbi huu," alisema. "Ukitaka kuongea, ongea umesimama. Na huyo mwenzako asiegemee ukuta, umepakwa chokaa juzi."

Konstebo akajitoa ukutani haraka, lakini mgongo ulishapata mstari mweupe kutoka begani mpaka kwenye mkanda. Mama Katibu aliuona huo mstari kupitia kioo cha picha aliyoishika. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo alionekana kufurahi.

Ilikuwa saa nane mchana. Saa kumi kamili gari la kituo lingekuja kumchukua Mzee Wino akasomewe shitaka la mauaji. Karatasi ziko tayari mezani kwa Mkuu wa kituo, zinasubiri saini tu. Mzee Wino, mpiga chapa wa zamani wa chama, ana miaka sabini na nane, moyo mbovu, vidonge vya rangi tatu kwa siku. Mtu wa namna hiyo akipelekwa gerezani anatoka kwa machela. Kila aliyekuwa ukumbini alilijua hilo, na Wino mwenyewe alilijua kuliko wote. Alikaa mwisho wa meza ndefu, pingu mkono wa kushoto, vidole vya mkono wa kulia vinagonga-gonga ubao kama vinachagua herufi. Aliletwa pale kwa kazi moja, aithibitishe saini yake mbele ya mtunza kumbukumbu wa chama. Yaani mbele ya Mama Katibu.

Inspekta alikabidhiwa jalada Jumatano, siku moja baada ya maiti kuonekana. Jalada lenyewe lilikuwa jepesi. Jumanne asubuhi mfagiaji alimkuta Mhadhiri kwenye chumba cha kumbukumbu, ghorofani juu ya ukumbi, kalala kifudifudi, kichwa kimepasuliwa na chuma cha kubania vitabu. Kwa miezi minne Mhadhiri alikuwa anaandika historia ya Chama cha Jasho. Hicho ni kile chama cha mrengo wa kushoto kilichoanzishwa vita vilipoisha, askari waliporudi wakakuta kazi zao zimeshachukuliwa, wakaungana na wasichana wa kiwanda cha nguo. Serikali ikakipiga marufuku. Kikafanya kazi chini kwa chini miaka mitatu, kinatoa gazeti lake kwa mashine moja iliyofichwa. Halafu siku moja polisi wakaenda moja kwa moja mpaka ilipo mashine, hawakuuliza njia. Wanachama wanne waliokutwa pale hawakuonekana tena.

Nani aliwaambia polisi? Miaka hamsini na moja watu wanajiuliza. Rasimu ya Mhadhiri, sura ya saba, ilijibu bila kumung'unya maneno: Wino. Ushahidi wake ulitoka kwenye Daftari la Makosa la shina la kiwanda cha nguo, ambamo wanachama saba walikuwa wanaandika makosa yao kila mwezi. Na daftari hilo lilikutwa mezani kwa marehemu, limefunguliwa ukurasa huohuo.

Kwa Mkuu wa kituo, kesi iliishia hapo. Mzee kaumbuliwa, mzee kaua.

Inspekta aliweka karatasi ya nakala mbele ya Wino. "Saini hii ni yako, mzee?"

"Yangu."

"Na maneno?"

"Yangu."

"'Nimewaambia polisi ilipo mashine.' Uliwaambia?"

"Niliandika mimi."

"Sijauliza nani kaandika. Nauliza, uliwaambia?"

"Umesoma, umeona. Shuleni ulipelekwa kufanya nini?"

"Jumatatu saa tisa na nusu jirani alikuona unapanda ngazi za huku. Ulimfuata Mhadhiri?"

"Ndiyo."

"Kumfanya nini?"

"Kumtukana."

Konstebo aliacha kuandika, akamtazama Inspekta. Inspekta akamwashiria aandike.

"Ukamtukana?"

"Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikamtukania palepale mlangoni, nikashuka. Zile ngazi zina hatua arobaini, mwanangu. Huwezi kuzipanda zote hizo halafu urudi na matusi yako tumboni."

"Na humo ndani ulisikia nini?"

Vidole vya Wino vikaendelea kuchagua herufi.

"Polisi haelezwi," alisema Mama Katibu kutoka kwenye picha zake. "Hujui hilo? Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza. Tuliiandika kwa sababu ya babu zako."

"Babu yangu alikuwa anashona viatu, mama."

"Basi wewe ndiye uliyeharibu ukoo."

Simu ya Inspekta ikatetemeka. Mkuu. Inspekta alipokea akiwa hapohapo, na kwa kuwa Mkuu huongea kama anahutubia uwanja wa mpira, kila mtu alisikia.

"Umemaliza?"

"Bado, afande."

"Bado nini? Mtu kasaini kosa miaka hamsini iliyopita, kasaini tena leo. Unataka akuimbie?"

"Nipe mpaka saa kumi."

"Saa kumi gari liko hapo. Usinipigie kuniambia lisubiri."

Akakata. Mama Katibu akaitundika picha ya mwisho, akainyoosha kwa kidole kimoja. "Bwana wako mkali," alisema.

"Naomba daftari lenyewe, mama. Nakala hazinitoshi."

Jumanne polisi walishalipiga picha na kulichukua, lakini Mama Katibu alikwenda kituoni na wastaafu thelathini, wakakaa sakafuni wakaimba nyimbo za mgomo tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Mkuu hapendi kelele. Akalirudisha.

Sasa Mama Katibu akavuta uzi shingoni, ufunguo wa pekee ukatoka ndani ya gauni. Kabati la chuma la daftari alilihamishia ukumbini Jumatano, huku chini, eti juu kumenuka polisi. Akalifungua. Bawaba zikalia mlio mrefu mwembamba, kama paka aliyekanyagwa mkia.

Vidole vya Wino vikasimama.

Inspekta aliona.

"Ukilowesha kidole kugeuza ukurasa, nakitoa mkononi mwako," Mama Katibu alisema. Akaliweka daftari mezani, akasimama pembeni yake mkono umelalia pembe ya meza.

Inspekta akalifungua ukurasa wa kwanza. Pembeni yake akapanga nakala zilizokutwa kwenye mkoba wa marehemu. Kwenye kila nakala, kona ya chini, Mhadhiri alikuwa ameandika namba kwa penseli. Tangu Jumatano Inspekta alizichukulia kuwa namba za kurasa, na ndivyo alivyoandika kwenye ripoti. Sasa aliona kwamba daftari lina namba zake za kurasa, zimepigwa muhuri juu, na haziendani kabisa na hizi za penseli. Za penseli zinakwenda moja mpaka saba. Halafu zinaanza upya.

Akageuza kurasa kadhaa, akasoma kwa sauti.

"Mwezi wa kumi na mbili. 'Nimechelewa kikao kwa sababu nilikuwa nanyonyesha mtoto.' Saini, Ndevu." Akainua macho. "Huyu Ndevu alikuwa mwanamke?"

"Ndevu alikuwa fundi mitambo na baba wa watoto tisa," Mama Katibu alijibu.

"Aliwanyonyesha wangapi?"

Konstebo akageukia dirishani, mabega yanacheza. Wino akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha moyo.

"Soma kimya," alisema Mama Katibu.

Inspekta hakusoma kimya. "'Nimeunguza chakula cha wagomaji wote, watu mia wamelala njaa.' Saini, Fundi Saa. Huyu alikuwa mpishi?"

"Yule?" Wino alidakia. "Yule alikuwa hajui jiko linawashwa upande gani."

"Wino," Mama Katibu alisema. Jina tu. Mzee akanyamaza kama redio iliyochomolewa.

Lakini neno lilishatoka. Inspekta akavuta karatasi safi na kalamu, akaanza kupanga akiwa amesimama vilevile, kiuno kimepinda juu ya meza. Kila mwezi una saini moja. Saini ya kwanza Mpishi. Ya pili Fundi Saa. Ya tatu Katibu. Ya nne Wino. Ya tano Dereva, ya sita Nesi, ya saba Ndevu. Ya nane, Mpishi tena.

"Ni zamu," alisema. "Mnakwenda kwa zamu. Shina likipata kosa, anayelisimamia na kulisaini ni mwenye zamu ya mwezi, siyo aliyekosa. Ndiyo maana mwanamume ana ndevu mpaka kifuani na ananyonyesha."

"Polisi anatufundisha chama chetu," Mama Katibu aliiambia dari.

"Naomba unisahihishe basi."

"Sikusahihishi. Ulipwe mshahara halafu na kazi nikufanyie mimi?"

"Kwa hiyo Mhadhiri alikosea. Sura ya saba ni uongo mtupu. Mzee Wino alisaini mashine kwa sababu mwezi ulimwangukia."

"Basi." Mama Katibu akapiga kiganja mezani. "Si ndiyo umepata ulichokuwa unatafuta? Yule mchokonozi kamwandikia mtu uongo. Mtu kasoma, kapandwa na hasira, kapanda ngazi arobaini. Kakwambia kwa mdomo wake. Mtu aliyeonewa ndiye mwenye hasira zaidi, binti. Kaandike hivyo, gari lenu lisije likakosa abiria."

Wino akageuza kichwa, akamtazama Mama Katibu. Tangu aletwe pale alikuwa hajamtazama hata mara moja. Sasa alimtazama, na hakuondoa macho.

"Nimekaa na wewe meza moja nikiwa na miaka ishirini na saba, Ndugu Katibu," alisema.

"Na mimi nilikuwa na ishirini na mbili. Sasa unataka tuhesabiane nywele?"

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika ishirini. Inspekta hakuwasikiliza tena. Alikuwa amerudi kwenye namba za penseli, kwa sababu mahali patatu namba zilikataa kufuatana. Saba ilitangulia sita. Mbele kidogo, mbili ilitangulia moja. Mwishoni, nne ilitangulia tatu. Na hiyo ya mwisho Mhadhiri aliizungushia duara kwa nguvu mpaka penseli ikatoboa karatasi. Marehemu alikosea, sawa, lakini kumbe aliligundua kosa lake kabla hajafa.

"Mwezi wa kunyonyesha," Inspekta alianza polepole, "zamu ilikuwa ya namba sita. Nesi. Akarukwa, akasaini Ndevu. Mwezi uliofuata Nesi akarudi kuchukua nafasi ya Ndevu. Mwezi wa chakula kuungua, zamu ilikuwa ya namba moja, Mpishi. Akarukwa, akasaini Fundi Saa." Akamgeukia Konstebo. "Nani anaunguza chakula, Konstebo?"

"Mpishi, afande."

"Nani ananyonyesha?"

Konstebo akafikiri, akamwangalia Mama Katibu, akapunguza sauti. "Nesi. Siyo Ndevu."

"Kwa hiyo mna sheria ya pili. Mtu hasaini kosa lake mwenyewe. Zamu yake ikikutana na kosa lake, anarukwa, wa mbele yake anambebea. Mwezi wa mashine alisaini namba nne. Zamu ilikuwa ya namba tatu."

Hakulitaja jina. Karatasi ilikuwa wazi mezani, herufi kubwa, na Mama Katibu hakuhitaji hata miwani.

"Watu huumwa," alisema. "Watu husafiri. Zamu hubadilishwa. Wewe hujawahi kubadilishana lindo?"

"Juu ya kila ukurasa kuna mahudhurio. Mwezi ule, saba kati ya saba. Jina lako limeandikwa kwa mwandiko wako."

"Nilikuwepo na homa."

"Na Nesi alikuwepo na homa, na Mpishi naye homa?"

"Wote sasa wako kaburini. Kawaulize."

"Mmoja hayuko kaburini."

Wino alikuwa bado anamtazama Mama Katibu.

"Hata kama ingekuwa hivyo," Mama Katibu alisema, na sauti yake haikupanda wala kushuka, "hilo la mashine lina miaka hamsini na moja. Hakuna mahakama inayolitaka. Walinishika siku mbili, wakaniachia. Mengine hayakuhusu. Mwezi uleule shina lilikaa, likasema, Wino akasaini, likaisha. Tuliwalilia wanne wetu na hatukulirudia tena. Sisi tulikuwa tunamaliza mambo, siyo nyinyi, mnaofukua."

"Sikuja kwa la mashine. Nimekuja kwa la Jumatatu."

Inspekta akatoa simu, akatafuta picha ya eneo la tukio, akaikuza kwa vidole viwili mpaka meza ya marehemu ikajaa kioo kizima. Akaiweka juu ya meza.

"Kwenye maelezo yako ya Jumanne unasema uliondoka saa nane, miguu inakuuma, ukamwacha Mhadhiri na nakala zake. Hili hapa siyo nakala. Hili ni daftari. Nani alimfungulia?"

Mama Katibu akaitazama picha. Nje barabarani kuna mtu alikuwa anapiga honi bila kuchoka.

"Nilimwachia ufunguo," alisema.

"Jumatatu ulimwachia Mhadhiri ufunguo?"

"Miguu ilivimba. Nikamwachia. Jumanne asubuhi nikauchukua mezani kabla hamjaja. Kuna sheria inayokataza bibi kizee kuacha ufunguo?"

Hakuna. Inspekta alijua hakuna, na Konstebo alijua, maana kalamu yake ilisimama katikati ya mstari. Maelezo yalikuwa mazuri. Wakili yeyote angeyachukua kwa mikono miwili. Saa tisa na dakika thelathini na tano. Hesabu za zamu ni hesabu tu, Mkuu angezisikiliza kama anavyosikiliza mvua, halafu angesaini.

Inspekta akamgeukia Wino. "Mzee, Jumatatu mlangoni ulisikia nini?"

"Polisi haelezwi," Mama Katibu alisema upesi.

"Mzee. Dakika ishirini na tano zimebaki. Gari likifika sina cha kumpa Mkuu."

"Nimesikia."

"Utafia ndani."

"Nimesikia, binti, mimi siyo kiziwi." Wino akajisogeza kwenye kiti, pingu ikagonga meza. Kisha akaanza kuongea, lakini hakuongea na Inspekta. Aliongea na Mama Katibu, kama kwamba wale polisi wawili ni makoti yaliyotundikwa.

"Mwaka mke wangu alipofariki nilikuja nikakuomba daftari nione mwandiko wake. Si alikuwa Nesi wetu? Ulikuwa umetoka hospitali, mguu wako mkubwa kama gogo. Nikakwambia nipe ufunguo, kalale. Ukakataa. Ukakaa na mimi mpaka nikamaliza kulia, saa tatu nzima, unaumwa. Mimi hukuniachia. Huyo mtu wa miezi minne ukamwachia?"

"Wino, unaongea mbele ya nani?"

"Jumatatu nimesimama pale mlangoni natukana, nikasikia kabati linalia. Nikajua upo ndani. Nikasema basi, Ndugu Katibu yupo, atamnyoosha mwenyewe huyu mpumbavu, atamwambia daftari linasomwaje. Nikashuka ngazi roho imetulia. Jumanne nikasikia amekufa. Siku tano nimekaa mahabusu najiambia uliondoka kabla. Lazima uliondoka kabla. Leo naona umekazana nipande gari."

"Alikuwa anakwenda kuchapa jina langu," Mama Katibu alisema. "Aliniuliza kwa nini zamu yangu imerukwa. Anauliza huku anatabasamu, kalamu iko tayari. Ungependa watoto wa wale wanne wakasome hayo dukani?"

"Na langu angelichapa, ukae kimya?"

"Wewe ulishalibeba."

Lilitoka jepesi kabisa, kama mtu anayeonyesha kikapu kiko wapi. Hata Konstebo alisahau kuandika mpaka Inspekta alipomgusa kiwiko.

Wino akalivuta daftari kwa mkono usio na pingu. Akageuza kurasa mpaka ilipoishia saini ya mwisho, mwaka ule, akafika kwenye ukurasa mweupe ambao haukuwahi kuguswa. Akalisukuma mpaka mbele ya Mama Katibu. Kalamu ya Konstebo akaichukua mkononi mwake bila kuomba, akailaza juu ya ukurasa.

"Lile la kwanza nilikusainia mimi," alisema. "Hili saini mwenyewe."

"Mbele ya polisi?"

"Mbele ya polisi."

Mama Katibu akavaa miwani. Akatafuta kiti, akakaa, akaandika tarehe.